Hatua Ishirini na Mbili

Siku tano za juma nasimama mahali pamoja, mbele ya mashine ya kukata karatasi, katika kiwanda cha uchapaji ambako hata kwenda kunywa maji lazima uombe ruhusa. Ikifika Jumamosi miguu inadai haki yake, nami naipeleka viwanjani.

Sishabikii timu. Nashabikia viwanja. Ligi yetu ya mtaani ina viwanja kumi na kimoja, na hakuna hata kimoja ambacho sijakipima kwa hatua zangu, kona hadi kona, goli hadi goli, kabla timu hazijafika. Najua uwanja upi umeinamia kushoto, upi una jiwe karibu na kibendera cha kona, upi mpira ukitoka unaishia jikoni kwa watu. Mechi ikianza sikai. Naona dakika kumi nyuma ya goli hili, dakika kumi kando ya mstari ule, kisha nahama tena. Ndiyo maana watu wa viwanjani wananiita Feni.

"Feni, kaa chini bwana, unatutia kizunguzungu," huniambia.

"Nikikaa nyinyi mtapata joto," huwajibu.

Dada yangu naye yuko viwanjani kila wiki, ila yeye yuko ndani ya mistari. Kazi yake ni cherehani, anashona sare za shule. Mwisho wa juma ni mwamuzi. Amenizidi miaka sita. Mwaka huu aliomba kupanda kuchezesha ligi ya mkoa, na chama cha mpira kikampangia mechi tatu za majaribio, kila moja na mkaguzi wake. Ya kwanza alifaulu vizuri. Ya pili alifaulu kwa taabu. Ya tatu ilikuwa Jumamosi hii ninayoisimulia, katika uwanja wa timu ya Soko, na ilikuwa ya mwisho kwa kila maana: mwezi ujao anavuka umri wa kupokewa. Akianguka, angebaki kuchezesha mechi za mtaani mpaka magoti yamkatae.

Taabu ya mechi ya pili niliileta mimi. Nilipiga kelele kutoka pembeni kwamba mshambuliaji ameotea, dada akageuza shingo kunitazama, na mkaguzi akaandika sentensi moja ambayo dada ameikariri mpaka leo: "Mwamuzi husikiliza watazamaji."

Basi asubuhi ile, tulipokuwa tunaingia uwanjani, mimi nimembebea begi, alisimama akanikazia macho.

"Leo hunipi neno," alisema. "Si kabla, si katikati, si baada. Nikianguka nianguke kwa akili yangu mwenyewe."

"Na nikiona kitu?"

"Kione."

"Kama ni kikubwa je?"

"Hata goli likiwaka moto, wewe nyamaza."

Maneno yale yalinichoma. Miaka minne nimemfuata kila uwanja, nimemwoshea viatu, nimegombana na watu wazima kwa ajili yake, na leo ananifanya kama mzigo wa kubebwa mkononi. Nikamwekea begi lake chini.

"Sawa, mwamuzi," nikasema.

Huwa simwiti mwamuzi. Alijua maana yake, na hakujali. Akaenda kukagua uwanja.

Mimi nilikwisha kukiona hicho kikubwa kabla yeye hajavaa viatu.

Msimu uliopita goli moja la uwanja wa Soko lilikuwa mbele zaidi. Nyuma yake palikuwa na karakana ya mbao. Karakana ilipohama, chama kikawataka watu wa Soko waurefushe uwanja, nao wakalirudisha goli lile nyuma hatua nne. Sasa, zamani pale hawakuwa wakichora mistari kwa chokaa. Walikuwa wanamwaga oili chafu ya magari, kwa sababu oili haifutiki kwa mvua. Ni kweli haifutiki. Mstari wa zamani wa boksi ulibaki pale pale, mweusi, umeunguza nyasi, hatua nne mbele ya mahali ulipotakiwa kuwa. Na asubuhi ile nilimwona mtunza uwanja, ambaye watu humwita Bwana Ndoo kwa sababu hajawahi kuonekana bila ndoo, akiufunika mstari ule kwa mchanga, kisha akichora mpya kwa chokaa.

Dada alipopita kukagua aliona chokaa nyeupe, nzuri, imenyooka. Mchanga aliuona kama mchanga. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea kuvuta nyavu.

Nilikuwa nimesimama umbali wa kutupa kofia. Neno moja tu lingetosha. Nililihisi ulimini kama kokoto. Nikalimeza, na nikajisikia mshindi.

Mechi ilianza saa sita na nusu, jua limekaa juu ya vichwa. Soko walivaa njano. Wageni walikuwa timu ya kiwanda cha matofali, bluu iliyopauka. Soko wakishinda wanaongoza ligi, kwa hiyo wafanyabiashara walifunga vibanda mapema na kujipanga kando ya mstari. Mbele yao alisimama muuza nyama, mtu mnene mwenye sauti ya kukatia mifupa.

"Refa, hicho kipenga au cha kuitia kuku?" alianza, kabla hata mpira haujaguswa mara tatu.

"Kama ni cha kuku, mbona umegeuka?" mama mmoja akamjibu kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Mkaguzi alikuwa upande wa pili, mwanamume mwembamba mwenye shati jeupe, amekaa kwenye kiti cha kukunja na ubao wa kuandikia mapajani. Hakucheka wala hakukunja uso. Kila dada alipopuliza, kalamu yake ilisogea.

Nami nilizunguka. Siku nyingine nazunguka kwa raha. Siku ile nilizunguka kama mtu aliyeacha jiko linawaka nyumbani. Kila nilipofika nyuma ya goli lile niliangalia chini. Kufikia mapumziko chokaa ilikuwa imeanza kuliwa na viatu. Mchanga nao ulikuwa unatawanyika kila beki alipoteleza. Kipindi cha pili kilipofika nusu, weupe ulikuwa umebaki vumbi tu, na ule weusi ulikuwa umejitokeza wote, mnene, dhahiri, kama ndio mstari wenyewe. Mistari ya pembeni ya boksi ilikuwa ile ile ya zamani, ikaungana nao vizuri kabisa. Mtu mgeni asingeshuku chochote.

Wenyeji hawakuwa wageni. Niliwasikia.

"Boksi letu limenenepa," kijana mmoja alimwambia mwenzake.

"Nyamaza," muuza nyama akamwambia. "Linakua kwa neema."

Na dada yangu alikuwa anachezesha vizuri. Ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa karibu na kila mpira, kipenga kifupi, mkono ulionyooka, hababaiki. Hakunitazama hata mara moja. Matokeo yalikuwa bao moja kwa moja, na zilibaki dakika saba.

Ndipo winga wa Soko akaingia na mpira kutoka kulia. Beki wa Matofali, jamaa mrefu aliyekuwa amechoka, akamnyoshea mguu, akamkata. Faulo ya wazi. Winga alianguka hatua moja ndani ya mstari mweusi, yaani hatua tatu nje ya boksi la kweli.

Kipenga. Mkono wa dada ukaelekea kwenye doa la penati.

Uwanja uliruka. Muuza nyama alimbusu mtu asiyemjua. Wachezaji wa Matofali walimzunguka dada, lakini hata wao walikuwa wanabishania kitu kisichokuwa chenyewe.

"Ameteleza mwenyewe, dada refa!"

"Nimecheza mpira, mama, mpira!"

Hakuna aliyetaja mstari. Mshika kibendera naye alikuwa mgeni. Aliona weusi, akakubali. Uwanja mzima ulijua, isipokuwa watu wa Matofali, waamuzi na mkaguzi. Na mkaguzi, nilifikiri, hatakaa bila kujua. Ataupita mstari ule akienda zake, au mtu atamcheka mbele yake, na ataandika sentensi nyingine fupi, na hiyo itakuwa ya mwisho.

Nilikuwa nimesimama kando ya mstari wa katikati. Kinywa changu kilifunguka. Nikakifunga. Nikipiga kelele, "Dada, mstari!", akibadilisha, mkaguzi atasema amebadilisha kwa sababu ya kelele. Nikinyamaza, penati inapigwa, na mpira ukishapigwa hakuna kurudi. Mwamuzi anaweza kujirekebisha kabla mchezo haujaendelea, baada ya hapo basi. Dada mwenyewe ndiye aliyenifundisha sheria hiyo, sebuleni kwetu, kwa kutumia vifungo vya sare.

Nikakimbia. Nilizunguka nyuma ya umati, nikapita kwenye vibanda, nikatokea nyuma ya goli. Kipa wa Matofali alikuwa anavuta glavu zake, uso umesawijika.

"Kipa," nikamwita kwa sauti ya chini. "Usigeuke. Hesabu hatua kutoka mstari wa goli mpaka ule mweusi."

"Wewe nani?"

"Hesabu tu. Zinatakiwa kumi na nane."

Akageuka hata hivyo, akanitazama kama mwendawazimu. Kisha, labda kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kushika, akaenda kwenye mstari wa goli, akaanza kutembea. Alikuwa na miguu mirefu lakini alihesabu kwa uaminifu, hatua za kawaida, midomo inacheza. Akapita doa la penati. Akampita mpigaji wa Soko aliyekuwa ameshika mpira.

"Kipa, rudi golini," dada akasema.

Kipa akaendelea. Kumi na sita, kumi na saba.

"Kipa, unapoteza muda." Mkono wa dada ukaingia mfukoni, kwenye kadi.

"Ishirini na moja, ishirini na mbili," kipa akasema, sasa kwa sauti, na akasimama juu ya weusi. "Dada refa, naomba nikuulize kwa heshima. Huu mstari ni wa nini?"

Umati ukapungua kelele. Si wote kwa pamoja. Ilianzia upande wa muuza nyama ikasambaa.

Mkono wa dada ulitoka mfukoni mtupu. Alitazama goli, akatazama doa, akatazama mstari. Namfahamu anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya. Hashiki kipimo, jicho linamwambia kwanza, halafu ndipo anakasirika. Akatembea mwenyewe. Aliposhuka hatua nne kutoka kwenye weusi kuelekea golini alipiga goti, akapangusa nyasi kwa kiganja, akakiinua. Kiganja kilikuwa na chokaa.

"Mtunza uwanja," akaita.

Bwana Ndoo alikuja, ndoo mkononi, akitembea kama mtu anayepeleleza kama ardhi imekauka.

"Mstari wa boksi la leo ni upi?"

"Huo hapo mama. Wa chokaa."

"Na huu?"

"Huo ni wa kale."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama."

Dada akasimama. Alijua anachokwenda kufanya na alijua kina bei gani, zikiwa zimebaki dakika saba, mbele ya watu mia nne wa Soko. Akapuliza kipenga, akafuta penati kwa mkono, akaonyesha mahali winga alipoangukia. Mpira wa adhabu, nje ya boksi.

Sitaeleza kelele zile. Chupa mbili ziliingia uwanjani, viatu viwili, na kitu kilichofanana na kichwa cha kabichi. Nahodha wa Soko mwenyewe aliwaomba watu wake watulie, kwa kuwa alitaka kupiga. Akapiga. Mpira ukagonga ukuta wa mabeki, ukatoka. Dakika zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko wiki yangu ya kiwandani, lakini ziliisha, bao likiwa bado moja kwa moja.

Nilidhani yamekwisha. Ndipo mkono mzito ukanishika bega.

"Huyu," muuza nyama alisema, akinivuta kuelekea kwenye kiti cha mkaguzi. "Huyu ndiye aliyemnong'oneza kipa, nimemwona kwa macho yangu. Na asubuhi amekuja na refa, amembebea begi. Huyu ni mtu wake."

Watu wakakusanyika. Dada alikuwa amesimama mbele ya mkaguzi, jasho linamtiririka, mpira kwapani. Mkaguzi alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Ni nani wako?"

"Mdogo wangu," dada akasema. "Baba mmoja, mama mmoja."

"Ni wewe uliyemtuma kwa kipa?"

"Hajanipa neno tangu asubuhi."

"Unaona?" muuza nyama akasema. "Wamepanga. Neno hakutoa, kamtoa kipa."

Mkaguzi akanigeukia mimi. "Kijana, mstari huu umeujua lini?"

Hapo nikaona njia mbili, na zote zilikuwa za miiba. Ningeweza kusema nimeuona wakati ule ule, nyuma ya goli, nikamwambia kipa kwa huruma ya mchezo. Ningetoka mzuri. Lakini muuza nyama angesema nimeletwa kwa kazi hiyo, na nani angebisha? Au ningeweza kusema nilimwambia dada asubuhi akapuuza. Ningetoka mzuri zaidi, yeye akaanguka. Ilibaki kweli tupu, ambayo sikutaka isikiwe na mtu yeyote, na pale walikuwa wamesimama zaidi ya mia.

"Msimu uliopita," nikasema.

"Na leo?"

"Leo asubuhi nimemwona huyu akiufukia kwa mchanga."

"Dada yako alikuwa wapi?"

"Hatua kumi kutoka niliposimama."

"Kwa nini hukumwambia?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Alinikataza kumpa neno, kwa sababu ya mechi ile nyingine. Nilikasirika. Nikasema moyoni, wacha aone." "Nilitaka akosee kidogo tu. Ajue kwamba ananihitaji."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Muuza nyama aliniachia bega, akaupangusa mkono wake kwenye suruali kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na mafuta.

"Kumbe hakupanga," alisema, kwa dharau tupu. "Ni mjinga tu wa nyumbani kwao."

Mkaguzi aliandika kwa muda. Kisha akamwambia dada, bila kupunguza sauti, kwamba mwamuzi mzuri hukagua mistari tena wakati wa mapumziko, na yeye hakukagua, kwa hiyo alama hizo amezikosa. Kwamba kujirekebisha mbele ya umati wa wenyeji zikiwa zimebaki dakika saba ni jambo ambalo waamuzi wengi wa mkoa hawaliwezi. Kwamba hakuna mtu aliyempa neno. Akatia sahihi, akaugeuza ubao ili dada asome mwenyewe. Dada akasoma, akainamisha kichwa, akasema asante mara moja.

Amefaulu. Nililijua hilo kwa mabega yake, kwa maana mimi hakuniambia.

Tulitoka uwanjani, yeye mbele, mimi nyuma. Begi alilibeba mwenyewe. Tulipita vibanda vilivyofungwa, tukapita fundi wa viatu aliyekuwa anafungua redio, tukaingia barabara ya vumbi. Nilijaribu kwenda sambamba naye, akaongeza mwendo. Nikapunguza, naye akapunguza. Nusu nzima ya njia tulikwenda hivyo.

"Dada."

Akahamishia begi bega la pili.

"Dada, nimekosa."

"Ulitaka nikosee kidogo," alisema bila kugeuka. "Kidogo kiasi gani? Hatua nne? Tano ingekuwa nyingi?"

"Sikufikiri."

"Ulifikiri. Wewe hufikiri kupita kiasi, ndiyo shida yako." Akasimama. Uso wake ulikuwa umechoka, chokaa imekaukia kwenye goti. "Niangalie. Kuna kitu kingine kwenye uwanja ule unachokijua mimi sikijui?"

Nikageuka kutazama tulikotoka.

"Sema."

"Goli lenyewe," nikasema. "Walipolirudisha nyuma walichimba mashimo marefu mno. Mwamba wa juu uko chini ya kipimo. Kiganja kimoja hivi. Labda kiganja na vidole viwili."

Dada alifumba macho. Nilidhani atanipiga na begi, na ningelipokea kwa moyo mmoja.

"Chini kiganja kimoja," akarudia. "Na ripoti yangu sijaifunga."

"Umeshafaulu, dada. Mkaguzi ameshatia sahihi. Kesho mtu mwingine ataliona."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena. Kisha akageuka, akaanza kurudi tulikotoka, kwa mwendo ule ule wa kukimbilia mpira. Nikamfuata, nusu nikikimbia.

Uwanjani palikuwa pamebaki watu wachache. Muuza nyama alikuwa amekaa kwenye jiwe, akimlalamikia Bwana Ndoo. Alipotuona akasimama polepole.

"Nyie tena? Mmesahau nini?"

"Goli," dada akasema, akampita. Akasimama chini ya mwamba, akainua mkono juu, akaniita bila kunitazama. "Njoo hapa. Wewe ni mrefu. Na safari hii usinifiche hata unyoya."